Kwenda kwa Bahari, Kurudi kwa Reli

Katika nchi ya Uingereza, upande wa kaskazini unaotazama mawio ya jua, uko mji mdogo wa wavuvi unaoitwa Whitby. Kusini yake, mwendo wa kilometa 10 hivi, kipo kijiji kiitwacho Robin Hood's Bay. Kati ya mji na kijiji ziko njia mbili za miguu. Moja yafuata ukingo wa bahari, juu ya magenge. Ya pili yapita bara kidogo, mahali palipokuwa na reli, ambapo treni haijapita tangu mwaka 1965. Mtu akienda kwa moja na kurudi kwa nyingine huzunguka karibu kilometa 20, na mahali alipopita asubuhi hapiti tena jioni.

Sisi Wakongo wachache tunaokaa kaskazini ya Uingereza tulikwenda huko Jumamosi ya juma la Pasaka. Tulikuwa watu 7, na kati yetu mzee mmoja wa Kalemie, aliyekwisha kupita miaka 75. Huyo mzee alifanya kazi ya reli tangu ujana wake. Mwaka 1965, akiwa kijana wa miaka 17, alipewa nyundo na kuwekwa katika kikosi cha kutengeneza njia kati ya Kabalo na Kalemie. Alipoambiwa kwamba hapa kuna reli iliyogeuzwa kuwa njia ya miguu, hakufurahi. Alisema, « Mnataka kunipeleka kwenye matanga? » Lakini alikuja. Kwa sababu ya magoti yake tulipatana kwamba yeye na mama mmoja wa Bukavu wapande basi mpaka kijijini, watungoje huko, kisha turudi wote pamoja kwa njia ya reli, kwa maana haina milima mikali.

Basi sisi wengine tulivuka daraja la mto Esk, tukaingia katika kijia chembamba cha mji wa zamani, tukapanda ngazi 199. Watu wa Whitby wanajua hesabu hiyo tangu utoto, na watoto wageni hawakosi kuihakikisha kwa sauti kubwa. Juu kabisa pana kanisa, makaburi, na nyuma yake magofu ya monasteri.

Hapo hatukuweza kupita upesi. Monasteri ya kwanza ilianzishwa mwaka 657, na mkubwa wake alikuwa mwanamke, Mtakatifu Hilda, aliyetawala nyumba ya wanaume na nyumba ya wanawake pamoja. Padri Beda, aliyeandika habari za kale za nchi hii, anasema kwamba watu 5 waliosoma kwake wakawa maaskofu. Tena hapo ndipo palipokatwa shauri la Pasaka, mwaka 664. Mfalme Oswiu alihesabu siku ya Pasaka kwa desturi ya watawa wa Irelandi, na mkewe malkia kwa desturi ya Roma. Ikatokea katika nyumba moja kwamba mume amekwisha kuanza kusherehekea ufufuko wa Bwana, na mke bado anafunga, maana kwake ilikuwa Jumapili ya Matawi. Mtu aweza kuwahurumia wapishi wao. Maaskofu na watawa wakakusanyika mahali hapo, wakabishana, na mfalme akachagua desturi ya Roma. Mama Hilda alikuwa upande wa Waairishi, lakini shauri lilipokwisha alilifuata. Kuta zinazosimama leo si zake, ni za kanisa kubwa la Wabenedikto lililojengwa karne nyingi baadaye, na ambalo mfalme Henri wa Nane alilifunga mwaka 1539. Paa halipo. Upepo wa bahari unaingia kwa dirisha moja na kutoka kwa jingine.

Kutoka hapo njia yafuata genge. Ni sehemu ya njia ndefu iitwayo Cleveland Way, yenye kilometa 175, iliyofunguliwa mwaka 1969. Kushoto ni bahari, kulia mashamba ya ngano na kondoo, na katikati yako wewe na upepo. Ndege weupe wa bahari wanakaa katika vijishimo vya mwamba, na kelele zao ni kama za soko. Chini, maji yakikupwa, waonekana mwamba mweusi uliopangwa tabaka juu ya tabaka kama kurasa za kitabu. Ndani yake wamo konokono wa mawe, wanyama wa bahari ya zamani sana waliogeuka mawe. Wazee wa Whitby walisimulia kwamba walikuwa nyoka, na Mtakatifu Hilda aliwalaani wakajikunja na kuwa mawe. Hata mafundi wengine waliwachongea vichwa vya nyoka ili kuwauzia wageni. Limo pia jiwe jeusi jepesi linalong'arishwa kuwa mikufu, nalo ni mti wa kale uliogeuka jiwe.

Njia hii ni nzuri lakini si ya kuaminika. Bahari inakula genge kutoka chini, mvua inalilainisha kutoka juu, na kipande huanguka. Mara kadhaa tulikuta uzio umesogezwa nyuma shambani, na njia ya mwaka uliopita imekatika hewani kama ulimi. Katika majira ya baridi ya mwaka 2012 kuingia 2013, udongo wa makaburi ya lile kanisa la juu uliporomoka, na mifupa ya wafu ikaonekana ukingoni. Ndiyo kusema, njia ya kando ya bahari si moja: kila kizazi kinapita ya kwake, nyuma kidogo ya ile ya baba zao.

Tena ni njia ya kupanda na kushuka. Kila kijito kimejichimbia bonde lake kwenda baharini, nawe huna budi kushuka ngazi za mbao mpaka chini na kupanda upande wa pili, na ukifika juu unaliona bonde jingine linakungoja. Tulipita mnara mweupe wa taa uliojengwa mwaka 1858. Tulionyeshwa maji ambamo meli ya hospitali iitwayo Rohilla ilipanda mwamba mwezi wa Oktoba 1914, wakafa watu zaidi ya 80 mbele ya macho ya watu wa pwani. Baada ya saa nne tulifika kijijini, miguu ikitetemeka, tukamkuta mzee amekwisha kula samaki na viazi, amekaa kwenye benchi akitazama bahari bila kuvutiwa nayo sana. Mtu aliyezaliwa kando ya Tanganyika hashangai kuona maji mengi.

Robin Hood's Bay ni kijiji kilichobandikwa mlimani kama viota. Nyumba zimebanana, vijia ni vyembamba kiasi kwamba watu wawili wanene wakikutana mmoja lazima arudi. Zamani wakaaji wake walivua samaki, na usiku walificha pombe na bidhaa nyingine zisizolipiwa ushuru. Lakini lililotushika sisi ni jambo lingine, lililotokea mwezi wa Januari 1881, miaka minne kabla ya reli kufika.

Merikebu moja iitwayo Visitor ilizama katika ghuba ya kijiji wakati wa dhoruba kali. Mabaharia wake 6 waliingia katika mashua yao ndogo, wakashindwa kufika pwani. Mashua ya kuokolea iliyokuwa kijijini ilikuwa mbovu. Wakatuma habari Whitby. Mashua ya Whitby haikuweza kuja kwa bahari kwa sababu ya mawimbi, basi watu wakakata shauri la kuileta kwa nchi kavu. Wakaiweka juu ya magurudumu, wakafunga farasi 18, na watu kama 200 wakashika makoleo na kamba. Njia ilikuwa kilometa 10 za kupanda na kushuka, na mahali pengine theluji ilikuwa na kina cha meta 2. Waliotoka Whitby walichimba wakija, na watu wa kijiji wakachimba wakienda kuwalaki. Wakaishusha mashua kwa kamba katika ule mteremko ambao sisi tuliogopa kuushuka mikono mitupu. Mara ya kwanza mawimbi yalivunja makasia. Wakarudi, wakachukua mengine, wakatoka tena, na wale 6 wakaokolewa wote, hai.

Mzee alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho. Kisha akauliza, « Na hiyo barabara waliyochimba katika theluji, reli ilipokuja ilipita palepale? » Hapana, reli ilizunguka. Akatikisa kichwa: « Ndivyo. Treni haina miguu ya farasi. »

Maneno hayo tuliyaelewa tulipoanza kurudi. Njia ya zamani ya reli inapita juu ya kijiji. Kituo chenyewe kipo, lakini uwanja wake umekuwa mahali pa kuwekea magari, na nyumba zimejengwa juu ya njia, hata imetubidi kwenda kidogo kwa barabara kabla ya kuipata tena. Tulipoipata, mwendo wetu ulibadilika mara moja. Asubuhi tulikuwa tukihema kama mivukuto. Sasa tulikwenda kwa kuzungumza, watatu sambamba, na mzee katikati yetu. Njia inapanda, ndiyo, lakini inapanda polepole kama mtu mwenye adabu. Bonde likija, hatushuki: tuta la udongo linatuvusha. Kilima kikija, hatukipandi: kimekatwa katikati, na kuta zake mbili zimefunikwa na miti ya miiba na maua ya manjano.

Hapo mzee aliamka. Alianza kutueleza kazi, na tulimwacha, maana hakuna aliyejua kuliko yeye. Alituonyesha mtaro wa maji kando ya njia, bado ukifanya kazi yake. Alisimama penye daraja dogo la mawe linalovusha ng'ombe wa mkulima, akapapasa tao lake, akasema fundi huyu hakuwa mwivi. Alichimba njia kwa ncha ya fimbo yake, akatoa vumbi jeusi, akalisugua kati ya vidole. Si kokoto. Ni mabaki ya makaa ya mawe yaliyokwisha kuungua. Ndiyo sababu njia hii inaitwa na watu Njia ya Masizi: waliojenga hawakuwa na fedha nyingi, basi mataruma yaliwekwa juu ya mabaki ya makaa, badala ya mawe yaliyovunjwa. « Rahisi, akasema mzee, lakini hunyonya maji. Kazi ya kikosi hapa haikwisha kamwe. »

Habari za reli hiyo ni hivi. Ilianza kuchimbwa mwaka 1872 ili kuunganisha Whitby na mji wa Scarborough. Fedha zikaisha, kazi ikasimama kwa miaka, ikaanzwa tena, na treni ya kwanza ya abiria ilipita tarehe 16 Julai 1885. Mbele ya Robin Hood's Bay, kwenda kusini, ina mahali inapopanda meta 1 kwa kila meta 39, na kwa reli huo ni mlima mkali kweli. Siku za ukungu wa bahari chuma kilikuwa chenye utelezi, na gari la moshi lilizungusha magurudumu bila kwenda mbele. Wakati wa kiangazi treni zilijaa watu wa miji wanaotafuta hewa ya bahari. Wakati wa baridi zilipita na abiria wachache: mama anayekwenda sokoni, watoto wa shule.

Mwaka 1963 mkubwa wa reli za Uingereza, Richard Beeching, alitoa taarifa iliyotaka kufungwa kwa vituo zaidi ya 2,000 na njia za karibu kilometa 8,000, kwa sababu hazikuingiza fedha ya kutosha. Njia zote za kufika Whitby zilikuwa katika orodha yake. Watu wakalia na kuandika barua. Moja ikaachwa, ile inayotoka Middlesbrough kwa bonde la mto Esk. Ya Scarborough ikafungwa mwezi wa Machi 1965. Miaka michache baadaye reli zikang'olewa, na baraza la mji likanunua ardhi yake, ikawa njia ya miguu, ya baiskeli na ya farasi.

Hapo sisi kwa sisi hatukupatana. Kijana mmoja kati yetu alisema kwamba Waingereza walifanya vizuri: treni ilikuwa hasara, na leo maelfu ya watu wanapita hapa bure kwa miguu yao. Tuliona kweli wazee wenye fimbo, mama anayesukuma gari la mtoto, na mtu mmoja aliye katika kiti cha magurudumu, ambaye asubuhi ile juu ya magenge asingeweza kufika hata kwenye bonde la kwanza. Mama wa Bukavu akajibu: « Na yule asiye na motokari mwaka 1965, alikwenda sokoni kwa nini? Kwa hewa safi? » Sisi twaona kwamba mama alisema kweli zaidi. Katika hesabu iliyofunga njia hii viliandikwa tiketi na makaa, kwa kuwa vina bei. Safari ya mjane ya kwenda kwa mganga katika mwezi wa Januari haina bei ya kuandikwa, na kile kisichoandikwa kilihesabiwa kuwa si kitu.

Tulitazamia mzee achukue upande wa mama. Lakini alinyamaza muda mrefu, mpaka tulipofika Hawsker, ambako kituo cha zamani kimekuwa mahali pa kukodisha baiskeli, na mabehewa yamesimama mbele ya jukwaa yakilaza wageni. Tulikaa tukanywa chai. Ndipo aliposema:

« Mnafikiri reli ni chuma. Chuma kinaletwa na meli, kinafungwa, kinafunguliwa. Mimi nimebadili vyuma na mataruma maisha yangu yote. Reli ni udongo huu. Mtu alichukua koleo akaondoa kilima hiki, akakimwaga katika bonde lile. Kwetu ni vilevile. Kutoka Kabalo mpaka ziwani ni kilometa 273. Treni ilifika Kalemie mwaka 1915, wakati wa vita, na mji ukiitwa Albertville. Waliochimba ni babu zetu. Babu yangu mwenyewe alitembea wiki mbili kwenda kazini, wala si kwa kupenda kwake. Jina lake halikuandikwa mahali popote. Wakati wa vita ya 1998 mpaka 2003 treni zilikatika, na watu wa miji wakasema reli imekufa. Mimi nilikuwa nikitembea juu yake kwenda shambani, kama wengine wote. Wanawake walibeba mihogo juu yake. Askari walipita, wakimbizi walipita. Tuta lilitubeba. Sasa nauliza: je, babu yangu alichimba kwa ajili ya nani? »

Hakuna aliyemjibu. Aliendelea kwamba jambo analochukia hapa ni lile la kijijini, nyumba zilizojengwa juu ya njia, na vilevile duka kubwa ambalo, kama tulivyomwambia, limekalia mwanzo wake kule Scarborough. Chuma kikiondoka, chaweza kurudi. Nyumba ikikaa juu ya tuta, yamekwisha. « Waambieni ndugu zenu nyumbani, akasema. Wasipande mihogo katikati ya reli. Kando, sawa. Katikati, hapana. » Tunayaandika hapa kwa sababu alituagiza hivyo, na kwa sababu baadhi ya wasomaji wa gazeti hili wanakaa karibu na njia hiyohiyo.

Kutoka Hawsker njia inashuka taratibu kuelekea Whitby. Mzee alichoka lakini hakukubali kushikwa mkono. Mwisho wake ni daraja la Larpool, linalovuka mto Esk kwa matao 13 ya matofali mekundu. Ni kitu kikubwa: urefu wake karibu meta 280, na kutoka juu mpaka mtoni meta 38. Yasemekana yaliingia matofali milioni 5. Lilikwisha mwaka 1884, likabeba treni miaka 80, na sasa linabeba watu wenye mbwa. Kutoka juu unaona mji wote, bandari, na kwa mbali yale magofu ya Mama Hilda ambako tulikuwa asubuhi.

Chini ya matao, kando ya mto, inapita ile reli moja iliyookoka katika orodha ya Beeching, ambayo treni zake ni chache kwa siku. Mzee aliiona mara moja, mistari miwili ya chuma iking'aa, na kung'aa ni alama ya kwamba yapitiwa. Akauliza saa. Tulimwambia kwamba treni itakayotupeleka nyumbani yaingia Whitby baada ya dakika 20, na kwamba ni afadhali tushuke mjini tukashike nafasi. Akasema sisi twendeni, yeye atangoja hapo aione ikipita.

Tukangoja wote. Upepo ulikuwa mkali na kijana alilalamika. Mwishowe ilitokea kwenye kona ya bonde, mabehewa mawili tu, ikaingia chini ya tao lililo chini ya miguu yetu. Mzee alivua kofia, akahamia upande wa pili wa daraja, akaitazama inavyotoka.